Mvi, Hina na Rangi: Tafuta Chanzo Kabla ya Kupaka Tena

Nywele zenye mvi zikiharibika baada ya kupakwa rangi, mara nyingi kosa si la rangi ile ya mwisho. Zilikuwa tayari zimebeba hina ya mwaka jana, dawa ya kunyoosha ya mwezi uliopita na maji ya kisima ya kila siku. Rangi mpya ikaja juu ya hayo yote, ikabeba lawama peke yake. Kabla ya kununua pakiti nyingine, fuatilia kwanza nywele hizi zimepitia nini. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo nywele za sentimita 30 zimebeba ncha zilizoota miaka miwili na nusu iliyopita. Chochote cha kudumu kilichopakwa tangu hapo bado kimo.

Jua pia mvi ni nywele za namna gani. Unywele huota mweupe pale seli zinazotengeneza melanini kwenye shina lake zinapopungua au kuacha kazi. Umri huohuo hupunguza na mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa. Matokeo yake ni unywele mkavu, mara nyingi mgumu, na magamba yake ya juu yamebana. Rangi inapata taabu kupenya, na maji nayo yanapata taabu kuulainisha. Hali hii iko kwa nywele za kipilipili na za singa pia, ila kwenye singa mvi huonekana zimesimama zenyewe, na kwenye kipilipili hujificha mpaka zinapochanwa.

Mvi hazishiki rangi, hasa kwenye panja na juu ya masikio

Chanzo cha kwanza kukiangalia ni mafuta. Nywele zilizolala na mafuta ya nazi au grisi zina utando, na rangi inaishia juu ya utando huo. Osha siku moja kabla, shampuu mara mbili, bila kondishena. Usikwangue ngozi kwa kucha, kwa sababu mikwaruzo ndiyo itakayochoma kesho yake.

Cha pili ni aina ya rangi. Rangi isiyo ya kudumu, ile inayotoka kwenye chupa moja bila kuchanganywa na kitu, hukaa juu ya unywele na huanza kuondoka baada ya kuoshwa mara chache. Haikutengenezwa kufunika kichwa kilichojaa mvi. Inafaa pale mvi zilipo chache na mwenyewe anataka zififie tu. Rangi ya kudumu ni ile ya krimu inayochanganywa na peroksaidi, yaani dawa inayoikomaza rangi ndani ya unywele, au ya unga inayochanganywa na maji na ambayo tayari ina kitu cha kufanya kazi hiyo ndani yake.

Cha tatu, nguvu ya peroksaidi. Kwa mvi tumia volyumu 20, yaani asilimia 6. Volyumu 10, ambayo ni asilimia 3, haina nguvu ya kutosha kwa mvi. Volyumu 40, asilimia 12, wengi huinunua wakidhani kali zaidi ndiyo inayofunika zaidi. Kazi yake ni kupausha nywele, na kwenye nywele za mtu mzima hupausha na kukausha kwa pamoja bila kuongeza kufunika. Peroksaidi pia huisha nguvu ikikaa wazi au kwenye joto. Chupa iliyofunguliwa miezi mingi ikawekwa kwenye dirisha la bafu, katika joto hili la Pwani, usiitegemee.

Cha nne ni namba ya rangi. Tarakimu ya kwanza huonyesha kina: 1 ni nyeusi, 3 kahawia iliyokoza, 4 kahawia ya kati, na kuendelea hadi 10 iliyo nyepesi kabisa. Tarakimu baada ya nukta huonyesha mwelekeo, mathalani wekundu au dhahabu. Ukipaka namba ya wekundu peke yake juu ya mvi, kile cheupe hakina msingi wa kuibeba na hutoka king'aavu kama kioo. Changanya nusu kwa nusu na rangi ya asili ya kina hichohicho: gramu 30 za 4.0 na gramu 30 za ile yenye wekundu, kisha peroksaidi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya pakiti. Krimu nyingi hutaka 1 kwa 1, nyingine 1 kwa 1.5. Pima kwa mizani ya jikoni au kikombe chenye alama. Mchanganyiko mwepesi kupita kiasi hutiririka na kuacha mvi wazi.

Kisha ni upakaji wenyewe, na hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani zinapoharibikia. Gawa kichwa mafungu manne, na ndani ya kila fungu chukua mistari myembamba, nusu sentimita tu. Anza pale mvi zilipo nyingi, kwa kawaida panja na ukingo wa paji, ili sehemu hizo zikae na rangi muda mrefu kuliko nyingine. Paka kwa wingi, rangi izunguke unywele pande zote. Acha dakika 35 hadi 45 zikihesabiwa baada ya kumaliza kupaka, ila karatasi ya pakiti ikisema vingine ifuate hiyo. Na zima feni. Rangi hufanya kazi ikiwa mbichi. Ikikaukia kichwani chini ya feni imekwisha kazi yake hata kama saa bado inahesabu. Kofia ya plastiki ya kuogea, kama maelezo yanaruhusu, huzuia kukauka.

Mvi zikikataa baada ya hayo yote, zilainishe kwanza. Paka peroksaidi ya volyumu 20 peke yake kwa pamba kwenye zile sugu tu, subiri dakika 10 hadi 15, kausha kwa kugandamiza taula bila kusuuza, kisha paka rangi. Usifanye hivi kichwa kizima.

Mchanganyiko uliobaki umwage. Ukiufungia kwenye chupa hutoa gesi na chupa hupasuka, na hata isipopasuka, mchanganyiko huo hautafunika kitu wiki ijayo.

Hina imetoka rangi ya chungwa

Hina imefanya kazi yake sawasawa. Rangi iliyomo kwenye jani la mhina, losoni, ni nyekundu ya machungwa na hushikamana na protini ya unywele. Juu ya unywele mweusi huonekana kama mng'ao wa wekundu juani. Juu ya mvi hakuna cheusi chini yake, kwa hiyo unaiona yenyewe. Hina halisi haiwezi kufunika mvi kwa weusi, hata ikae kichwani usiku kucha.

Kwanza subiri. Rangi ya hina huendelea kukoza kwa siku 2 au 3 baada ya kuoshwa, na chungwa la siku ya kwanza hukaa kuwa shaba iliyotulia. Wengi hukimbilia kupaka kitu kingine jioni ileile na kujiongezea kazi.

Ikibaki hafifu, angalia ulivyoiandaa. Unga uwe wa kijani, unanuka majani makavu, umechekechwa mpaka laini. Uliogeuka hudhurungi kwenye pakiti umezeeka. Kipimo ni gramu 100 kwa nywele fupi, gramu 200 kwa zinazofika mabegani, na zaidi kwa ndefu au nene. Ukande kwa chai ya rangi iliyopoa na maji ya ndimu vijiko 2 vya mezani kwa kila gramu 100, mpaka uwe mzito kama uji wa mtoto. Ndimu tupu bila maji hukausha mvi ambazo tayari ni kavu. Funika bakuli, liache ndani ya nyumba kwa muda wa saa 6 hadi 8. Miezi ya joto kali huiva mapema zaidi. Pima kwa kupaka tone kwenye kiganja: ukilifuta baada ya dakika 2 ukaona doa la chungwa, iko tayari. Ikikaa siku mbili katika joto hili huwa imepita. Ukikanda nyingi, nusu iweke kwenye friza mara tu inapoiva.

Kwa mvi iache kichwani saa 3 hadi 4. Fumba kwa kofia ya plastiki, kisha kilemba cha leso kuukuu, kwa sababu hina hupenda joto na unyevu. Kahawa, rojo ya beetiruti na kadhalika zinazoongezwa kwenye bakuli haziachi rangi ya kudumu juu ya mvi. Harufu nzuri ya kahawa ndiyo faida yake pekee.

Ukitaka kahawia au nyeusi bila rangi ya dukani, njia ni unga wa mmea wa indigo. Si buluu ya kufulia nguo, hicho ni kitu kingine. Indigo haitaki ndimu na haitaki kusubiri. Ukande kwa maji ya vuguvugu na chumvi robo kijiko cha chai kwa gramu 100, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka uso wake uanze kuwa na buluu ya kiza, kisha upake mara moja. Kwa kahawia, changanya hina iliyokwisha kuiva na indigo sawa kwa sawa. Kwa kahawia iliyokoza, indigo iwe mara mbili ya hina. Iache saa 2 hadi 4. Kwa nyeusi ni hatua mbili: hina peke yake kwanza, suuza, kisha indigo peke yake kwa saa 1 hadi 2. Indigo ikipakwa juu ya mvi bila hina chini yake hutoka buluu au kijivu chenye kijani, na hufifia haraka. Usitie shampuu kwa siku 2, na usiogope kijani kidogo cha saa za mwanzo, kwani hukoza kadiri hewa inavyoifikia. Wanaojiepusha na weusi mtupu kwa sababu za dini hupata kahawia ya heshima kwa mchanganyiko wa hatua moja.

Ukishapaka indigo, usiruhusu mtu apaushe nywele hizo kwa blichi. Zinaweza kugeuka kijani, na kijani hicho ni kazi ngumu kukitoa.

Pakiti imeandikwa hina, lakini inatoa nyeusi kwa nusu saa

Basi si hina tupu. Ina rangi ya kemikali, mara nyingi PPD, ambayo kwenye orodha ya viambato huandikwa p-Phenylenediamine. Nyingine huwa na chumvi za madini. Tofauti hii si ya maneno tu. Peroksaidi ikikutana na madini kwenye unywele hutoa joto, nywele zinaweza kufuka moshi na kukatika hapohapo kwenye kiti cha saluni.

Kama hujui ulichopakwa mwaka jana, pima. Kata kifundo kidogo cha nywele kutoka nyuma ya kichwa, zitie kwenye bakuli la kioo lenye mililita 30 za peroksaidi ya volyumu 20 na matone 20 ya amonia ya asilimia 28, acha dakika 30. Amonia ya namna hiyo hupatikana kwa wauza vifaa vya saluni. Ishike kwa glavu, dirisha likiwa wazi, na usiinuse. Maji yakipata moto, yakitoa mapovu makali, au nywele zikibadilika rangi ghafla, kuna madini. Usipake rangi ya peroksaidi mpaka sehemu hiyo ikue na kukatwa.

Kichwa kinawasha, masikio na kope vinavimba

Tenganisha mambo mawili. Mwasho au kuchomwa wakati rangi bado iko kichwani, unaotulia baada ya kusuuza, kwa kawaida ni ngozi iliyokwaruzwa, ngozi iliyokauka, au peroksaidi kali. Suuza mapema, na siku ijayo ya kupaka usiikwangue ngozi kabla.

Mwasho unaokuja baadaye, siku ya kwanza hadi ya tatu, pamoja na uvimbe wa kope, masikio na shingo, au malengelenge yanayotoa maji, ni mzio, na mshukiwa wa kwanza ni PPD. Mzio huu hauondoki. Kila mara unayorudia, mwili unaweza kuitika kwa nguvu zaidi. Mtu aliyepaka rangi ileile miaka 20 bila tatizo anaweza kuupata akiwa na miaka 60, kwa hiyo kusema umeizoea si kinga.

Mombasa tuna njia moja ya kuupata ambayo lazima isemwe waziwazi: piko. Piko inayochorwa kwa maharusi mikononi na miguuni mara nyingi ni unga wa rangi ya nywele uliokandwa mzito na kupakwa moja kwa moja kwenye ngozi. Umoja wa Ulaya hauruhusu PPD ipakwe kwenye ngozi, na hata kwenye rangi ya nywele imewekewa kikomo cha asilimia 2 ya mchanganyiko unaofika kichwani. Msichana anayetoka malengelenge kwenye maua ya piko akiwa na miaka 20 ndiye mama atakayevimba uso siku ya kwanza atakapoficha mvi zake. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja au kwa mama yako ni hili: uliwahi kuchorwa piko ikakutoa vipele, au ngozi ikabaki na alama za maua yale? Akijibu ndiyo, rangi za kudumu zimekwisha kwake. Abaki na hina safi, na hata hiyo ajaribu kwanza kwenye ngozi kwa sababu ya pakiti za udanganyifu. Pakiti iliyoandikwa kwamba haina amonia haimaanishi haina PPD. Hivyo ni vitu viwili mbalimbali.

Jaribio ni rahisi na linahitaji kufanywa kila mara, si mara ya kwanza tu. Fuata maelezo ya pakiti yako. Kwa kawaida hupakwa kiasi kidogo nyuma ya sikio au kwenye kunjo la kiwiko, kisha unasubiri saa 48. Pakijaa wekundu, pakiwasha au kututuka, usipake.

Uso ukivimba, ulimi au koo likibana, au pumzi ikiwa fupi, nenda hospitali mara moja. Usingoje asubuhi wala usitafute dawa ya mwasho dukani. Mwasho wa kawaida bila dalili hizo, osha kichwa kwa maji mengi na shampuu laini, kisha muone daktari wa ngozi. Rangi ikiingia jichoni, mimina maji safi kwa dakika 15 kisha hospitali. Usipake nyusi wala kope kwa rangi ya nywele, inaweza kupofusha. Na unga wa rangi usikae mahali mtoto anapofika: ukimezwa huvimbisha koo na kuua figo. Aliyemeza ni wa kukimbizwa hospitali dakika hiyohiyo.

Nyeusi imegeuka wekundu baada ya wiki tatu

Jua, jasho na maji. Rangi ya kudumu huanza kutoka kwa zile chembe za giza, na kinachobaki ni joto la wekundu. Anayeogelea baharini, Nyali au Shelly, anaongeza chumvi, na anayeogelea kwenye bwawa la hoteli anaongeza klorini. Lowesha nywele kwa maji baridi safi kabla ya kuingia, ili zisinywe za bwawani, na suuza mara unapotoka. Wanaofunika kichwa wameshinda nusu ya vita hii ya jua, ila wana adui mwingine: nywele zilizofungwa zikiwa bado mbichi chini ya mtandio hutoa jasho, huleta mba na harufu. Zikauke kwanza, hata kama ni dakika 20 mbele ya feni.

Dawa ya kunyoosha nayo hupausha rangi. Mpangilio unaofaa ni dawa kwanza, subiri wiki 2, ndipo rangi ya kudumu. Ukigeuza mpangilio, rangi yako itatoka na povu la dawa na nywele zitapoteza nguvu zao.

Mizizi imeshika vizuri, ncha zimekuwa nyeusi tititi

Umepaka juu ya uliyopaka. Kila mwezi unahitaji sentimita 1 ya mzizi, nusu yake ukiwahi wiki mbili. Paka hapo tu, na kama ncha zimefifia, dakika 5 za mwisho tia maji kidogo kwenye rangi iliyo kichwani na uivute kwa chanuo mpana mpaka chini.

Hapa kuna jambo la kuamua mapema. Weusi wa namba 1 juu ya uso wa miaka 55 huonekana umebandikwa, na mvi za milimita 3 zinapochomoza baada ya siku 10 huonekana kama mstari wa chokaa. Namba 3 au 4 hukaa vizuri zaidi na ngozi ya umri huo, na mzizi unapoota hauonekani kwa mbali. Aliyekwisha jaza nyeusi asijaribu kuipausha nyumbani. Apake namba 4 kwenye mizizi mipya na aache nyeusi ishuke na kukatwa kidogokidogo.

Mvi zilizoachwa nyeupe zimekuwa za manjano

Kwa wale wasiotaka rangi kabisa, na wanapendeza, hili ndilo tatizo lao kubwa. Vyanzo ni jua, moshi, pasi ya nywele iliyopita kiasi cha moto, grisi zenye rangi, na maji. Moshi wa sigara, wa jiko la makaa na wa udi yote huacha utando. Nguo zifukizwe kwenye chetezo, nywele nyeupe zipewe asumini.

Maji yanastahili kuangaliwa kwa makini. Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali, Mzima, Marere, Baricho na visima vya Tiwi, na yanapokatika nyumba nyingi hurudi kwenye kisima cha uani. Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa, na visima vingi ni vya chumvichumvi. Chokaa hujenga gamba juu ya unywele: hukakamaa, hauitiki kondishena, na rangi hushika kwa mabaka. Chuma kwenye maji hutia manjano hadi kutu. Kupima: paruza sabuni ya mche kidogo kwenye chupa ya maji yako, tikisa. Yakitoa povu dogo na kuwa na ukungu wa maziwa, ni maji magumu.

Usioshe nywele kwa sabuni ya mche kwenye maji hayo. Ukungu ule ndio unaoganda kichwani. Mara moja kwa wiki 2 tumia shampuu iliyotengenezwa kuondoa madini, kwa kawaida yenye EDTA, iache dakika 3 kisha suuza. Maji ya mwisho ya kusuuzia yawe ya mvua au ya mtungi wa lita 20. Lita 2 zinatosha ukimimina polepole kwa kikombe. Siki kijiko 1 cha mezani kwa lita 1 husaidia kuondoa utando, si zaidi ya mara moja kwa wiki, na si kwenye ngozi yenye vidonda. Kabla ya siku ya kupaka rangi, ondoa madini kwanza.

Manjano yanayobaki hutulizwa na shampuu ya zambarau, kwa sababu zambarau huua manjano. Dakika 2 hadi 5, mara moja kwa wiki. Ukiipitisha, nywele nyeupe hugeuka urujuani kwa siku kadhaa.

Zinakatika mahali palepale, katikati ya unywele

Tazama umbali kutoka kwenye ngozi. Zikikatikia sentimita 3 au 4, hapo ndipo rangi mpya na dawa mpya zilipopandana na za zamani. Acha kimoja kati ya hivyo viwili. Mvi za mtu mzima hazivibebi vyote kwa muda mrefu. Zikikatikia ukingo wa paji na panja, tatizo ni kusukwa kwa kukaza au kifungo cha mtandio kinachovuta sehemu moja kila siku, na ngozi ikianza kung'aa bila vitundu vya nywele, hazitarudi.

Mafuta ya nazi yana kazi ya kweli hapa. Hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayotoka wakati wa kuosha. Vijiko 1 hadi 2 vya mezani, saa chache kabla ya kuosha, yakazie kwenye ncha. Baada ya rangi subiri wiki, lakini usiku wa kuamkia siku ya kupaka usiyaguse, kwa sababu iliyotajwa mwanzo.

Madoa kwenye paji na masikio

Pakaa mafuta ya mgando kwenye ngozi kabla, yasiguse nywele. Doa likiingia, kabla ya kusuuza chukua rangi mbichi iliyo kichwani, itie maji kidogo na usugue nayo doa kwa kidole chenye glavu. Rangi huitoa rangi. Baada ya hapo pamba yenye mafuta ya nazi.

Mvi zimetoka ghafla, au bado kijana

Mvi nyingi kabla ya miaka 30 mara nyingi ni urithi, lakini zinastahili kipimo cha damu: vitamini B12, chuma na tezi ya shingo. Anayemeza metformin ya kisukari kwa miaka aombe B12 ipimwe, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza ufyonzaji wake. Kiraka kimoja cheupe chenye ngozi nyeupe chini yake huenda ni mbalanga. Kiraka kilichonyonyoka kisha kikaota nywele nyeupe mara nyingi ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Vyote ni vya daktari wa ngozi, si vya saluni.

Ndevu

Ngozi ya uso hukasirika upesi kuliko ya kichwa, na kinyozi anayepaka ndevu kwa mabaki ya rangi ya mteja aliyetangulia anatia mchanganyiko uliokufa. Fanya jaribio la saa 48 kwenye taya yenyewe, chini ya kidevu. Usipake siku ya kunyoa. Wembe umefungua ngozi, subiri kesho yake. Ndevu hushika haraka, dakika 5 hadi 10 kwa rangi nyingi za ndevu, na namba iwe hatua moja nyepesi kuliko ya kichwani. Ziache mvi chache za kidevuni, uso huonekana wako.

Unataka kuacha rangi kabisa

Nywele za sentimita 10 huchukua kama miezi 10 kubadilika zote, na miezi ya 3 hadi ya 6 ndiyo migumu, mstari ukiwa wazi. Ukate mfupi ukiweza. Usipoweza, tumia rangi isiyo ya kudumu, hatua mbili nyepesi kuliko ile ya zamani, kwenye mpaka tu, ili mstari upotee bila kuziziba mvi zinazokuja. Msusi aweza kusuka nyuzi zenye kijivu ndani yake kwa wiki 4 hadi 6, bila kukaza, kisha kichwa kipumzike wiki 2. Rangi za kupuliza na za nta zinafaa kwa harusi ya jioni moja, lakini huacha tabaka juu ya unywele. Mwenye kujali udhu azioshe kabla. Na kila baada ya wiki 8 kata sentimita 2 za chini, ambazo ndizo zilizobeba rangi, dawa na maji ya miaka iliyopita.